Suruali Chini ya Kanga

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan aliyetawala Oman na Zanzibar. Tangu utotoni alivaa suruali. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa Ujerumani mwaka 1886 ameyaeleza mavazi ya wanawake wa kwao: suruali, kanzu iliyoshuka hadi vifundo vya miguu, na kitambaa cha kichwani. Suruali ilikuwa sehemu ya sitara na ya hadhi. Mwaka 1867, mjini Aden, Salme alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Akaanza maisha ya gauni. Kwake yeye, kuingia Ukristo kulikwenda sambamba na kuivua suruali.

Hakuwa peke yake kuivaa. Picha zilizopigwa Unguja kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha wanawake waliovaa suruali zenye marinda miguuni, juu yake kanzu au nguo iliyonakshiwa. Pembeni yao wanaume wamevaa kanzu nyeupe, kikoi ndani, kisibau au joho juu. Mgeni kutoka London wa siku zile, aliyelelewa kuamini kwamba suruali ni ya baba na nguo ndefu isiyogawanyika miguuni ni ya mama, aliuona mji ambao mambo yake yamepinduliwa. Wenyeji hawakuona lililopinduliwa. Mwanamume alijulikana kuwa mwanamume na mwanamke kuwa mwanamke, kwa alama walizozizoea wenyewe.

Hata neno lenyewe limekuja kwa njia hiyo ya bahari. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, sirwal, nacho Kiarabu kililipata kwa Waajemi.

Miaka mia moja hivi baada ya ubatizo wa Salme, binti wa Kikristo aliyethubutu kuingia kanisani na suruali, iwe Mwanza, Kisii au Goma, aliweza kukisia ni aya gani atasomewa. Ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 5. Aya ni fupi. Inamkataza mwanamke kile kilicho cha mwanamume, inamkataza mwanamume kuvaa nguo ya mwanamke, na inasema afanyaye hivyo ni chukizo mbele za Mungu. Wako wanawake waliotolewa kwenye kwaya kwa mstari huo, na wako waliolia kwa sababu yake. Kwa hiyo unastahili kusomwa polepole, pamoja na historia ya watu walioubeba kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kwanza, wasikilizaji wa mwanzo wa Torati walivaa nini? Vazi la msingi lilikuwa ketoneti, kanzu ya sufu au ya kitani, na lilivaliwa na wote. Vazi lile maarufu ambalo Yakobo alimpa Yusufu, likawatia ndugu zake wivu, linatajwa kwa maneno yale yale ya Kiebrania katika 2 Samweli 13, na safari hii limevaliwa na Tamari, binti wa mfalme Daudi. Juu ya kanzu walijitanda simla, joho au shuka pana. Simla nalo halikuwa la jinsia moja. Kitabu cha Kutoka kinamwamuru mkopeshaji amrudishie maskini simla yake kabla jua halijatua, maana ndilo blanketi lake usiku.

Tofauti zilikuwepo, ila zilikaa mahali pengine. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, zimo kuta za mawe zilizochongwa kwa amri ya Senakeribu, mfalme wa Ashuru, kuonyesha jinsi alivyouteka mji wa Lakishi huko Yuda mwaka 701 kabla ya Kristo. Wanawake wa Yuda wanatoka mjini kwenda uhamishoni, wamevaa nguo ndefu isiyo na pambo, na mtandio uliofunika kichwa na kushuka mgongoni hadi kwenye pindo la nguo. Miongoni mwa wanaume wengine wana nguo fupi za mkanda na vilemba, wengine kanzu ndefu. Kilichowatenganisha mume na mke ni kitambaa cha kichwa, mkanda, urefu, ndevu. Suruali haionekani kwa yeyote.

Inaonekana kwingine katika Biblia, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuikuta kwa jina lake. Kutoka sura ya 28 inaagiza makuhani washonewe suruali za kitani kutoka kiunoni hadi mapajani, wafunike uchi wao wanapoikaribia madhabahu. Danieli sura ya 3 inawataja Shadraka, Meshaki na Abednego wakitupwa tanuruni Babeli na nguo zao zote, na watafsiri wetu wameiweka suruali katika orodha hiyo. Basi ndani ya Maandiko suruali ni nguo ya ndani ya kuhani na nguo ya maofisa wa ugenini. Mwanamume wa kawaida wa Yuda, mkulima wa zabibu au mchunga mbuzi, hakuwa nayo.

Sasa maneno yenyewe. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wamekua nayo, inazungumza habari za mavazi katika sehemu zote mbili za mstari. Kiebrania hakifanyi hivyo. Kwa mwanamume akivaa nguo ya kike kinatumia simla. Kwa mwanamke kinatumia fungu jingine: keli geveri. Keli ni neno pana: ni chombo, ni kifaa, ni silaha. Zana za Goliathi ambazo Daudi alizichukua na kuziweka hemani mwake zinaitwa kwa neno hilo. Geveri naye ni mwanamume kwa upande wa nguvu zake, dume la vita. Mtu akisoma maneno hayo mawili pamoja, anachokiona akilini kwanza ni upanga, kabla ya kufikia kiuno cha suruali.

Hii si hoja ya wanawake wa leo wanaotafuta mwanya. Onkelos, aliyeitafsiri Torati kwa Kiaramu na ambaye tafsiri yake inasomwa na Wayahudi hadi leo, aliandika kwamba mwanamke asiwe na zana za vita za mwanamume. Katika Talmudi, Rabi Eliezeri ben Yakobo anauchukua mstari huu kuwa katazo la mwanamke kutoka na silaha kwenda vitani. Walimu wa kale waliushika usomaji huo hata wakamsifu Yaeli kwa ajili yake. Kitabu cha Waamuzi kinasema Yaeli alimwua Sisera, jemadari wa Wakanaani, kwa kigingi cha hema na nyundo. Kwa nini kigingi, wala si upanga? Wakajibu: kwa sababu aliiheshimu sheria ya Musa, hakugusa silaha ya mwanamume. Mtu anaweza kukubali au kukataa maelezo hayo, lakini yanaonyesha waziwazi waliuelewa mstari unahusu nini.

Wakanaani wenyewe wana kisa kinachoutia mstari huo mwanga. Mwaka 1929 watafiti wa Ufaransa walianza kuchimba Ras Shamra, pwani ya Syria, wakaufukua mji wa Ugarit na mbao zake za udongo. Katika hadithi ya Akhati, dada yake Pughati anaazimia kulipiza kisasi cha kaka aliyeuawa. Anaoga, anajipaka rangi, anavaa mavazi ya shujaa, anachomeka kisu na upanga, kisha anafunika yote kwa nguo za kike na kuelekea kwenye hema la muuaji. Silaha na nguo za jinsia mbili, zimevaliwa tabaka juu ya tabaka kwa ajili ya hila. Huo ndio ulimwengu ambamo aya yetu iliandikwa.

Wafasiri wa baadaye walitafuta sababu nyingine, na kila mmoja alitazama nia. Rashi, mwalimu wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alisema mwanamke asijifananishe na mwanamume ili apate kuchangamana na wanaume, kwa kuwa mwisho wake ni uzinzi. Maimonides, aliyeandika Misri katika karne ya 12, alilihusisha katazo na ibada za sanamu ambazo wanaume walisimama mbele ya nyota ya Zuhura wamevaa nguo za rangi za wanawake, na wanawake mbele ya Mirihi wamevaa dirii. Vita, uzinzi, sanamu, udanganyifu: hayo ndiyo yaliyowatia hofu mafundi wa Torati. Kwangu mimi huo ndio uzito wa historia hii. Waliouchunguza mstari kwa makini kuliko wote waliuliza nguo imevaliwa kwa ajili ya nini, na mshono wenyewe wakauachia desturi ya mahali.

Wapo wasomaji wenye imani thabiti watakaosema kwamba neno chukizo linaipandisha aya hii juu ya sheria za jirani zake. Ni hoja ya kuheshimiwa, kwa sababu majirani hao kweli ni wa namna nyingine: sura hiyo hiyo inaagiza ukuta mdogo kuzunguka dari la nyumba, inakataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja, na mistari sita mbele inakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Wakristo wachache sana huikagua nguo kwa sheria hiyo ya mwisho. Lakini sura ya 14 ya kitabu hicho hicho inatumia neno lile lile la chukizo kwa vyakula najisi. Anayekula nguruwe na kumfukuza mwenye suruali ana kazi ya kueleza.

Suruali ilizaliwa mbali na Yuda, juu ya mgongo wa farasi. Kongwe kuliko zote zilizopatikana zilifukuliwa katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turfan, magharibi ya China: suruali za sufu zenye umri wa takriban miaka 3,000, zimefumwa vipande vitatu, viwili vya miguu na kimoja kipana cha kati ili mpandaji aweze kutanua mapaja. Waskithi na Waajemi walizivaa kwa sababu hiyo hiyo. Wagiriki, waliokwenda na miguu wazi, walizicheka, na wachoraji wao walipochora wanawake mashujaa wa Amazoni kwenye mitungi mara nyingi waliwavisha suruali za Kiskithi. Warumi nao waliziona nguo za washenzi. Mwishoni mwa karne ya 4, dola ikiwa tayari ya Kikristo, sheria ya kaizari ilipiga marufuku kuvaa suruali ndani ya mji wa Roma. Waliolengwa ni wanaume.

Kanisa la kwanza lilikuwa na wanawake waliovaa kiume kwa ajili ya Kristo. Simulizi la Thekla, la karne ya 2, linasema alishona joho lake likawa la kiume ili amfuate Paulo. Mtakatifu Marina aliishi monasterini kama mtawa wa kiume, na wenzake waligundua ni mwanamke siku ya kumwosha maiti. Visa vya aina hii vilipendwa sana na waumini. Viongozi walipata wasiwasi. Sinodi ya Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ilikutana karne ya 4 kuwakabili wafuasi wa Eustathio waliodharau ndoa, na kanuni yake ya 13 ikamlaani mwanamke anayeacha nguo zake za kawaida na kuvaa za kiume kwa kisingizio cha utawa. Tazama sababu: kisingizio cha utawa. Hofu ilikuwa wanawake kukimbia ndoa na nyumba.

Kisha kuna barua ya mwaka 866.

Khan Boris wa Wabulgaria alikuwa amebatizwa miaka miwili kabla, na wamisionari wa Kigiriki waliokuja kwake walileta masharti mengi. Boris alitaka kujua yapi ni ya Mungu na yapi ni ya Wagiriki. Akaandika orodha ndefu ya maswali kwa Papa Nikolasi I, Roma. Wabulgaria walikuwa watu wa farasi, na suruali ilikuwa nguo yao, wanaume kwa wanawake. Basi wakauliza: je, ni dhambi? Papa alijibu maswali 106. Suruali ilikuwa jibu la 59. Kwa upole wa baba anayewaona wanawe wamejawa na hofu, aliwaambia kwamba hamu yake si kujua wamevaa nini mwilini. Anataka kujua kama wamemvaa Kristo. Alikiri kwamba katika Maandiko suruali ziliagizwa kwa wanaume. Alionyesha pia kwamba angependa wafuate desturi za Roma. Halafu akafunga suala: wavae au wasivae, wao na wake zao, jambo hilo haliwazuii kupata wokovu wala haliwaongezei wema.

Kati ya yote yaliyosemwa juu ya suruali za wanawake katika historia ya Kanisa, hakuna lililo wazi kama hilo, na lina zaidi ya miaka 1,100. Inasikitisha kwamba halijulikani. Mapadre wangapi waliomzuia binti mlangoni kwa jina la mapokeo ya Kanisa waliwahi kulisikia?

Karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino alikaza kidogo. Kwa kawaida, alisema, ni dhambi mwanamke kuvaa nguo za kiume, hasa kwa kuwa huweza kuchochea tamaa, na kwa kuwa wapagani walifanya hivyo katika ibada zao. Lakini inaruhusiwa panapokuwa na haja: kujificha na adui, kukosa nguo nyingine, na mengine ya namna hiyo. Mlango aliouacha wazi ulikuwa mdogo, na miaka 150 hivi baadaye msichana mmoja alijaribu kupita humo.

Jeanne d'Arc aliondoka Vaucouleurs mwezi Februari 1429, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, nywele zimekatwa, amevaa nguo za kiume kwa safari ndefu kupita nchi ya maadui. Mei mwaka huo, alipokwisha kuwaondoa Waingereza mjini Orléans, waraka unaohusishwa na mwanateolojia Jean Gerson ulimtetea: katazo la Torati halimfungi mwanamke aliyevaa hivyo kwa kazi aliyopewa na Mungu. Maadui zake waliisoma aya kwa namna nyingine. Alipokamatwa na kushtakiwa Rouen mbele ya Askofu Pierre Cauchon, nguo zake zilirudiwa tena na tena katika mashtaka. Walimwuliza nani alimwamuru kuvaa vile. Walimwambia hatasikiliza Misa mpaka avae gauni. Akaomba ashonewe gauni refu la kwendea Misa, kisha aruhusiwe kurudia nguo zake.

Sababu ya kung'ang'ania ilikuja kusemwa waziwazi na mashahidi miaka ya 1450, kesi yake ilipofunguliwa upya. Jeanne hakuwekwa gereza la Kanisa, kati ya wanawake, kama alivyostahili. Alifungwa pingu ngomeni, akilindwa usiku na mchana na askari wanaume. Soksi ndefu za kiume za wakati ule zilifungwa kwenye koti kwa kamba nyingi, na kamba zile zilikuwa kinga yake pekee dhidi ya kubakwa. Tarehe 24 Mei 1431, akitishiwa moto, alikubali kukana maono yake na kuvaa gauni. Siku chache baadaye alikutwa amerudia nguo za kiume, na hilo likahesabiwa kuwa amerudia uasi. Alichomwa moto tarehe 30 Mei, akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Hukumu ilibatilishwa mwaka 1456, na mwaka 1920 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu.

Mtu akisema nguo ni jambo dogo, na amkumbuke yeye.

Karne ya 19 vita vilihamia Marekani. Mwaka 1851, Seneca Falls, New York, mhariri Amelia Bloomer alilitangaza katika gazeti lake vazi jipya: gauni lililoishia chini kidogo ya goti, na chini yake suruali pana ya mtindo wa Kituruki. Jina lake likabaki kuwa jina la nguo. Wahubiri waliiinua Kumbukumbu la Torati mimbarani, naye akawajibu kwa Mwanzo: majani ya mtini yaliyoshonwa Edeni yalikuwa ya mtindo mmoja, na Maandiko hayasemi Hawa alikatiwa tofauti na Adamu.

Karibu na hapo kuna kisa kinachowahusu Wakristo wengi wa Afrika Mashariki. Ellen White, mmoja wa waasisi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1860 dhidi ya vazi la Bloomer na ndugu zake, akilipima kwa aya ile ile. Alitaka mwanamke wa Kikristo atambulikane tofauti na mwanamume. Hata hivyo yeye mwenyewe alijua madhara ya mitindo ya wakati wake: sketi nzito zilizozoa matope ya barabara, viuno vilivyobanwa kwa kamba, miguu iliyokaa baridi wakati wa theluji. Mwaka 1864 alitembelea hospitali ya tiba ya maji ya Dansville, New York, ambako waganga waliwahimiza wanawake kuvaa suruali na gauni fupi. Hakuukubali urefu wao, lakini mwaka uliofuata alikuwa amevaa vazi lake mwenyewe la afya: gauni lililoinuka inchi 9 kutoka sakafuni, na chini yake suruali ya kitambaa hicho hicho. Aliwauzia dada wa kanisa vielelezo vya kukatia. Mwaka 1875, baada ya ugomvi mwingi juu ya vipimo, aliliacha.

Wamisionari wa kanisa lake walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kisumu, mwaka 1906. Suruali ya Mama White ilikuwa imeshasahauliwa, aya ikabaki.

Namna hiyo hiyo ndivyo ilivyokuwa kwa misheni nyingine. Wale wa Kianglikana wa Unguja, wakiongozwa kwa muda na Askofu Edward Steere, waliheshimu kanzu, na wanafunzi wa shule yao ya Kiungani walivaa kanzu. Lakini bara, shule ya wasichana ilikuja na cherehani, na cherehani ilishona gauni. Wavulana walipewa kaptula. Makarani, askari na watumishi wa nyumbani nao wakavaa kaptula, na aliyepanda cheo akavaa suruali ndefu. Katika miongo michache suruali ikawa nguo ya mwanamume mwenye kazi ya serikali, na gauni nguo ya mama wa Kikristo. Vizazi viwili vikapita, desturi ya Manchester na Berlin ikahesabiwa kuwa desturi ya babu zetu, ambao wengi wao walivaa ngozi, kaniki au shuka, wake kwa waume.

Baada ya uhuru wanasiasa waliipokea kazi hiyo kutoka kwa wachungaji. Oktoba 1968, nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Sababu iliyotajwa ilikuwa utamaduni wa taifa. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na baadaye suruali za wanawake. Zaire ya Mobutu iliwataka wanawake wavae kitenge, na suruali ikakatazwa kwa jina la uasilia wa Kiafrika. Malawi ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mavazi ya heshima ya mwaka 1973 ilifanya suruali ya mwanamke kuwa kosa la jinai, hata kwa wageni. Aliyesimama nyuma yake, Rais Hastings Kamuzu Banda, alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Alitoka madarakani mwaka 1994, na sheria hiyo ikaondoka na utawala wake. Januari 2012, mitaani Lilongwe na Blantyre, wachuuzi waliwavua nguo kwa nguvu wanawake waliovaa suruali. Mtu anayemvua mwanamke nguo hadharani ili kulinda heshima ya mavazi ameshaivunja heshima anayodai kuilinda.

Paris nako, agizo la polisi la mwaka 1800 lililomtaka mwanamke aombe kibali kabla ya kuvaa suruali lilitangazwa rasmi kuwa limekufa tarehe 31 Januari 2013. Na tarehe 1 Juni 2021, Dodoma, Spika Job Ndugai alimtoa ukumbini mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, kwa sababu ya suruali aliyovaa. Safari hii Torati haikutajwa. Zilitajwa kanuni za Bunge.

Makanisani hali imegawanyika. Parokia na sharika nyingi za mjini zimeacha kuuliza. Makanisa mengine ya kilokole yanashikilia, na yanashikilia kwa moyo wa kweli, kwa kuwa waumini wake wanaona mipaka mingi ikibomoka na wanatamani mmoja usimame. Katikati ya hayo yuko muuguzi anayetoka zamu ya usiku, yuko askari wa kike, yuko dada aliyekuja na bodaboda kutoka kijiji cha mbali na hakutaka kukaa upande juu ya kokoto. Wote wamevaa suruali, na ibada inaanza saa mbili.

Mlangoni pa kanisa la namna hiyo mara nyingi husimama mama mmoja wa huduma ya ukaribishaji, na kanga kadhaa zimekunjwa kwenye kapu. Hamfukuzi mtu. Huitikia shikamoo ya binti kwa upole, humshika mkono, humpa kanga moja, naye binti huifunga kiunoni juu ya suruali yake na kuingia ndani kuimba. Ukimtazama kutoka nyuma, kitambaa cha rangi kinashuka hadi karibu na kifundo cha mguu, na chini yake unachungulia upindo wa suruali, kama zinavyochungulia suruali za marinda katika zile picha za zamani za Unguja.